Panya wa Pande Mbili

Baba yangu alikuwa mtu wa Kasongo, mama wa Kabambare, na mimi nilikuwa nimeshachumbiwa baba alipoanza kulisha panya wa Mzungu. Panya wa porini, wale tuliozoea kuwachoma kwa pilipili! Mzungu, mtafiti, aliwatega pande zote mbili, akaweka dume wa huku na jike wa kule katika sanduku moja, akangoja.

Kwa macho walikuwa sawa. Lakini alimweleza baba kwamba ndani ya mwili kuna nyuzi zinazobeba urithi, na za panya wa Kabambare zimeungana mbili mbili, kwa hiyo idadi yake ni ndogo. Watoto wa mchanganyiko walikua wazima, wanene, ila wengi hawakuzaa.

Siku moja panya kadhaa walikufa kwa moshi wa jikoni. Askari wa Mzungu akamlaza baba chini, akamchapa kiboko mpaka suruali ikagandamana na damu. Kutoka pale alikwenda kunywa pombe kwa wazazi wa mchumba wangu, na kwa uchungu akawamwagia habari yote ya panya.

Mama wa mchumba akaweka kibuyu chini. “Na mutoto wako? Ye pia iko wa pande mbili. Hatazala.”

Kesho yake uchumba ukavunjwa.

Baba hakuthubutu kumgusa askari wala Mzungu. Aliyemuweza alikuwa mama. Alimpiga uani kwa mpini wa jembe, akipiga kelele: “Ni weye uliharibisha tumbo ya mutoto wangu!” Mpini ukampasua jicho. Nikashika mchi nikampiga baba mkononi, mfupa ukalia. Nilitaka kumuua, nasema kweli.

Nikakimbia kwa Mzungu, nikamsihi aje aseme mbele ya watu kwamba sisi si panya.

“Watu wa Kasongo na wa Kabambare iko sawasawa,” alijibu, mkasi wake ungali tumboni mwa panya. “Kila mutu anajua ile.”

Hakuja.

Baadaye niliolewa na mchimba dhahabu wa Salamabila, nikazaa mapacha. Baba akaja na kuku, akanyoosha mkono wake uliopinda awabebe. Nikamwambia awapokee kutoka kwa mama. Jicho lake mama la pili nalo lilikuwa limeshazimika. Mama aliwapapasa wajukuu nyuso, mmoja mmoja, akauliza, “Wanafanana na nani?”

Baba akaanza kulia. Sikumwonea huruma.