Kasa wa Kufungwa Kamba

Uvumilivu wangu uliisha pale mwongozaji wa wageni alipomshika mwanangu makwapani ili ampandishe kwenye mgongo wa kasa. Kasa mwenyewe alikuwa amefungwa pezi la mbele kwa kamba ya nailoni, na kamba imefungwa kwenye kigingi kilichochomekwa katikati ya kidimbwi. Maji yenyewe hayakumtosha hata kuzama. Mwanangu alikunja miguu, akakataa kushuka. Akaniambia, "Mama, analia." Machozi yalikuwa yanamtoka kasa kweli. Baadaye niliambiwa kasa hutoa chumvi kwa njia ya macho, kwamba kile si kilio. Sawa. Lakini kidonda cha kwenye pezi hakikuwa chumvi.

Nilimvuta mtoto, nikamwambia yule mtu amfungue.

Ili nieleweke, sisi si watu wa pwani. Mimi nimezaliwa Nkowe, nimeolewa Chiola, huko Nachingwea, na maji mengi niliyoyaona utotoni ni ya mto wakati wa masika. Mambo haya yalianza na simu. Mwanangu aliona video ya sili, yule mnyama wa baharini mwenye ndevu kama paka, amelala juu ya mwamba anajikuna. Akataka twende tukamwone. Nilikumbuka somo la baiolojia kidato cha tatu, nikamwambia sili wanakaa kwenye bahari za baridi, kwetu hawapo. Akauliza kwetu wapo nani. Nikamtajia kasa, pomboo, nguva, na nyangumi wanaopita kwa msimu. Nilipomaliza kutaja nikajua nimejifunga mwenyewe.

Nilianza kuuliza watu mahali pazuri pa kuwaona. Kwetu mtu akitoka pwani anakuja na ng'onda, samaki wa kukaushwa, na dagaa, na anachokijua kuhusu bahari ni bei. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Alisema amezeeka bila kusikia mtu anapanda basi kwenda kumwangalia samaki halafu anarudi bila kumla. Mume wangu alisema twende tu korosho zikishauzwa, yeye atabaki na mbuzi.

Tukafikia Lindi, kwa shangazi yangu. Siku ya kwanza tulikosea kama washamba tulivyo. Shangazi alituelekeza kwenye miamba, nje kidogo ya mji, akasema viumbe wamejaa tele. Tulifika, hakuna mwamba. Maji tu, mpaka kwenye mchanga wa juu. Nilirudi nimekasirika, nikamwambia ametudanganya. Akaniangalia kama anaangalia mtoto mchanga. "Kwani mmekwenda maji yamejaa?"

Mimi nilijua bahari inajaa na kupwa. Nilisoma. Ila kichwani mwangu bahari ilikuwa kama mto, ukifika unaikuta ilipo. Kesho yake tukasubiri maji yapwe, na miamba ikawa nje yote, na vidimbwi katikati yake. Hapo ndipo mahali pazuri, na mtu akiniuliza leo nitamtuma hapo. Tuliona viti vya pweza vyekundu, wale viumbe wenye umbo la nyota, majongoo bahari, kaa, na pweza mmoja aliyebadilika rangi mbele ya macho yetu akawa kama jiwe. Mwanangu alichuchumaa juu ya kidimbwi kimoja mpaka jua likamchoma shingo. Tungeishia hapo tungerudi nyumbani na furaha.

Lakini alitaka kasa. Dereva wa bodaboda akasema anamjua mtu ambaye kwake kasa hakosekani, asubuhi au jioni. Nilitakiwa nijiulize ni kasa gani huyo asiyekosekana. Sikujiuliza. Alitupeleka kijiji kimoja, sitakitaja, tukateremka, tukavuka matope ya mikoko hadi kwenye kidimbwi kile.

Njiani mwongozaji, ndiye huyo mtu wa dereva, alikuwa mcheshi. Aliniuliza kabila na nilikotoka, nikamwambia Mmwera, natoka Nachingwea. Akapiga makofi, akasema basi sisi ni watani, leo nimepatikana. Alinitania kuhusu miguu yangu kwenye matope, nami nikamtania kuhusu kitambi chake. Ilikuwa raha. Kwetu mtani anaweza kuja msibani akalala kwenye kaburi lililochimbwa, akasema hatoki mpaka apewe kitu, na wafiwa wanacheka na machozi hayajakauka. Mtani hakasirikiwi. Hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Kwa hiyo nilipomwambia amfungue kasa, alicheka. Nikarudia. Akasema, "Mtani, kwani wewe ndiye umekuja kumnunua? Panda na wewe nikupige picha, upeleke Nachingwea wajue umefika."

Nikamwambia kwetu hata mbuzi akifungwa kamba tunaihamishia mguu mwingine, na mguu ukichubuka tunamfungua. Mtu anayemwacha mbuzi hivyo anasemwa kijiji kizima. Akajibu kwamba mbuzi ana mwenyewe, huyu amejileta kwenye nyavu. Niliinama nifungue fundo. Akasimama mbele ya kigingi, na dereva wangu wa bodaboda akasimama pembeni yake, wote wanacheka bado, lakini hawakunipisha. Nilikuwa na mtoto mkononi. Nikapiga picha pezi lile, nikaondoka.

Shangazi aliposikia nataka kushitaki, uso wake ulibadilika. Alisema kasa ataonewa huruma na Mungu, lakini mtani hashitakiwi, tangu enzi za babu zetu haijatokea, na nikifanya hivyo nitamfanya yeye asisalimiwe sokoni. "Utani ni wa watu wawili, mwanangu. Ukimpeleka serikalini umeuua."

Nikamjibu, "Shangazi, aliyefungwa si mimi. Mimi anitanie hadi kesho. Yule kasa ametaniwa nini?"

Shangazi alimwangalia mwanangu, ambaye alikuwa anauliza tena kama yule kasa ameletewa maji mengine. Alikuwa anauliza tangu tulipofika. Shangazi akaingia ndani, akatoka na kalamu, akaiweka mezani mbele yangu.

Ofisi ya uvuvi walinisikiliza. Ofisa alisema kasa analindwa na sheria, kumfunga hivyo ni kosa, ila lazima niandike. Akauliza kama huyo mtu ni mtani wangu, kisha akaongeza, kwa utaratibu kabisa, nifikirie vizuri kama jambo hili haliwezi kuzungumzwa na wazee. Nikaandika palepale kwenye benchi. Niliandika hivi:

"YAH: MALALAMIKO KUHUSU KASA ALIYEFUNGWA KAMBA

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mkulima na mama wa mtoto mmoja, mkazi wa Nachingwea. Nalalamika kwamba kuna kasa mkubwa aliye hai amefungwa kamba ya nailoni kwenye pezi la mbele, na kamba imeingia kwenye nyama. Wageni wanapandishwa mgongoni kwake ili wapigwe picha. Mwanangu naye alishikwa ili apandishwe, akakataa. Picha ninayo kwenye simu.

Nimeulizwa kama mlalamikiwa ni mtani wangu. Ni mtani. Sina ugomvi naye mwingine, na akija msibani kwetu tutampokea.

Naomba kamba ikatwe, kasa atibiwe kama inawezekana, arudishwe baharini. Nipo Lindi kwa shangazi mpaka nipate jibu, na niko tayari kuwaongoza.

Naomba mwende maji yakiwa yamekupwa. Yakijaa njia ya mikokoni haipitiki, na mtarudi mkisema hamkuona kitu."