Siku Kipaza Aliponyamaza

Mke wangu ni mwalimu wa michezo, na wanafunzi wanamwita Kipaza, kifupi cha kipaza sauti. Wanadhani hajui. Anajua, na analipenda jina lake, maana kipaza sauti cha shule kilipoungua siku ya mashindano, mkuu wa shule hakuhangaika kutafuta kingine. Alimwomba tu asimame katikati ya uwanja aseme.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani kwangu, ng'ambo ya barabara kutoka ukuta wa shule, na kutwa nzima namsikia. Akicheka, najua watoto wamemfurahisha. Akiita mtu kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, najua kuna aliyetoroka mazoezi. Hata kujuana kwetu kulianza kwa sauti. Alileta suti yake ya michezo iliyochanika goti, akanieleza anavyotaka ishonwe, na majirani wa pande zote mbili wakatoka kuuliza nani anagombana na fundi. Mimi mtu wa kimya, mdomo wangu kazi yake kushika pini, nikajisemea moyoni: huyu akiingia nyumbani kwangu sitahitaji redio. Na kweli, sijanunua mpaka leo.

Tulijaliwa binti mmoja. Huyo naye wamempa jina la Kamusi, kwa sababu ukimuuliza jambo lolote la kitabuni anakujibu hujamaliza swali. Akikaa nami kushona vifungo, atakutajia vyumba vya moyo na njia ya damu bila kupepesa macho. Lakini mtie kwenye chumba cha mtihani uone. Karatasi ikigeuzwa tu, viganja vinalowa jasho, na yote aliyosoma yanayeyuka.

"Baba, kichwa kinakuwa cheupe," aliniambia, "cheupe pe, kama hicho kitambaa chako cha mashati."

Mtihani wa majaribio wa kwanza alirudisha karatasi ikiwa na jina lake na mistari miwili mitatu. Mkuu wa shule akatuita. Ni mtu mwema, sina ugomvi naye, ila siku ile alinikata maini. Alisema mtihani wa pili ukienda vilevile, Kamusi atabaki nyuma akariri darasa. Lugha yetu nayo ina vituko! Mtoto anakariri vitabu mpaka macho yanakuwa mekundu, halafu adhabu yake ni kukariri darasa. Damu ilinichemka, nikanyamaza kwa kuwa ndiyo tabia yangu. Kamusi alirudi nyumbani akawa anasoma akila, anasoma akipiga mswaki, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyozidi kusahau. Nilimkuta anatafuta mkasi na ameushika mkononi. Niliogopa, sitaki kuficha.

Ndipo ikaja ile semina. Shule ilitakiwa kumpeleka mwalimu mmoja akajifunze yoga na kutafakari, ili wanafunzi wa madarasa ya mitihani wapunguze mawazo na kumbukumbu zao zitulie. Walimu wote wakagundua ghafla kwamba wana shughuli nyingi. Akapelekwa Kipaza. Niliposikia kwamba mke wangu ndiye atakayefundisha utulivu, nilicheka mpaka nikajichoma sindano.

Alirudi na mkeka wa mpira begani na maneno tele. Alinieleza barazani, mtaa mzima ukaelewa. Akili ikiingiwa na hofu hujifunga. Yaliyomo hayajapotea, yamefungiwa ndani tu. Mtu akivuta pumzi taratibu na kuishusha taratibu, mwili unaamini kuwa hakuna hatari, na akili inafunguka.

"Kamusi hajasahau kitu!" alisema kwa sauti yake ileile. "Kafungiwa tu!"

Kamusi alijifunika uso kwa kitabu.

Kipindi cha kwanza kilifanyika uwanjani, nami nilikifuata chote nikiwa kwenye cherehani. "FUMBENI MACHO! TULIENI! NIMESEMA TULIENI!" Kunguru waliokuwa juu ya paa la maktaba wakaruka. Kisha akawaamuru wainame washike vidole vya miguu. Matokeo ya hilo yalinifikia saa ya mapumziko, vijana wamejipanga barazani kwangu huku sweta wamezifunga kiunoni, kila mmoja suruali imemchanika msambani. Ni walewale waliokuwa wakinibembeleza, fundi, ipunguze, fundi, ibane kidogo. Niliwashonea huku nawachambua, na walistahili.

Lakini kisa chenyewe kilikuwa kwenye pumzi. Kipaza alitaka maneno mepesi ambayo kila mtoto anayaelewa, akakumbuka somo la sayansi la darasa la chini, lile la mti na mtu kubadilishana hewa. Akapaza sauti: "Vuteni hewa safi! Ijae tumboni! Haya, sasa wote kwa pamoja, toeni hewa chafu!"

Watoto wakafumbua macho. Kisha kijana mmoja wa nyuma akauliza kwa unyenyekevu, "Wote kwa pamoja, Mwalimu? Tutapona kweli?"

Walikufa mbavu. Wengine waligaagaa kwenye mikeka wakijishika matumbo, wengine wakaziba pua. Mkuu wa shule akafungua dirisha la ofisi akauliza kuna nini. Mke wangu alikuwa bado hajagundua alichosema, akamjibu mbio mbio, "Nawafundisha kutoa hewa chafu, Mkuu!" Dirisha likafungwa. Mimi huku niliinamia cherehani, machozi yananitoka, mshono umekwenda mrama mpaka kwenye mfuko.

Shule ikapata salamu mpya. Na nani alisalimiwa zaidi ya wote? Binti wa mwalimu. Jioni Kamusi aliingia, akatupa mkoba chini.

"Mama, umenimaliza. Kila kona naulizwa kama nimeshatoa hewa chafu. Mimi kipindi chako siji tena."

Nilingoja radi. Badala yake Kipaza aliketi sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa, akavikusanya na kuvitawanya. "Semina ile nilikwenda kwa ajili yako," alisema. "Wale wengine nimewabeba tu humohumo. Mama yako hapendi uumie, basi."

Kamusi alisogeza mkoba kando. Kisha naye akaketi.

"Nifundishe hapahapa. Lakini punguza sauti, Mama."

"Nimepunguza!"

"Bado." Akainua kidole hewani, akakishusha taratibu. "Hivi. Kidole kikishuka, na wewe ushuke."

Basi wakaanza. Mama akisema vuta, kidole kinashuka. Vuta, kinashuka tena. Mimi nilipunguza mwendo wa pedali, na baada ya muda niligundua wanapumua kwa kufuata cherehani yangu, wakipanda na kushuka nayo. Sauti ya Kipaza ilitoka kwenye kupiga kelele ikafika kwenye kuongea, ikatoka kwenye kuongea ikafika kwenye kunong'ona. Sikuwa nimewahi kumsikia mke wangu akinong'ona. Ana mnong'ono mtamu sana, jamani, na miaka yote hiyo nilikuwa sijui. Walipofika kwenye hewa chafu walitazamana, na zoezi likavunjika kwa kicheko. Ila mabega ya Kamusi yalikuwa yameshuka, na jioni hiyo alikula akaongeza.

Wakafanya hivyo kila jioni. Kamusi alirudi pia uwanjani na wenzake, akikaa mstari wa mbele na kidole chake, na Kipaza akiangalia kidole hicho anashuka mpaka mimi barazani nisisikie kitu. Salamu ya hewa chafu ilibaki, lakini sasa hata Kamusi aliitumia. Suruali zikaanza kuletwa ziongezwe upana.

Siku ya mtihani wa pili wasimamizi walipungua, mkuu wa shule akampanga Kipaza chumba cha Kamusi, kwa sharti moja. "Neno hata moja, Mwalimu, hapana. Kikohozi ukakitolee nje." Mimi siku hiyo sikushona kitu cha maana. Nilitia uzi kwenye sindano, nikautoa, nikautia tena.

Kamusi ndiye aliyenisimulia. Karatasi ilipogeuzwa, kichwa kikawa cheupe kama siku zote. Viganja vikalowa. Akainua macho, akamwona mama yake mbele ya ubao, midomo ameibana kama mimi nikiwa na pini. Alikuwa anaona kila kitu, na haruhusiwi kusema. Akaweka mkono tumboni, akavuta pumzi yake mwenyewe, mabega yakapanda, yakashuka polepole. Kamusi akaifuata. Haikusaidia. Akaifuata tena, na wakati wa kushusha akakumbuka jina la kile anachokishusha, kicheko kikamjia, akakizibia kwenye kiwiko.

"Nikacheka ndani kwa ndani, Baba, na nilipoangalia swali la kwanza nikaona hili nalijua. Nikaandika mpaka nikaomba karatasi ya ziada. Lakini sijui kama nimeandika sawa."

Tukangoja matokeo roho zikiwa juu juu. Asubuhi yalipobandikwa ukutani, nilikaa sikio wazi. Mke wangu hutangaza hata bao la mazoezi, kwa hiyo nilijua nitapata habari kabla ya mtu yeyote. Kengele ikalia. Kimya. Nikasimamisha pedali nisije nikamkosa. Kimya vilevile. Hapo nikajua mambo yameharibika, maana Kipaza mwenye furaha hanyamazi, hilo nimeliishi. Nikaweka chini shati lenye mkono mmoja, nikaanza kutafuta maneno ya kumfariji mtoto.

Wakatokea getini wameshikana mikono. Kipaza kalowa machozi mpaka kwenye kola, mdomo uko wazi, hakuna kinachotoka. Nikavuka barabara.

"Si kitu, mwanangu," nikaanza, "darasa ni darasa tu, hata mimi—"

"Baba, nimefaulu," Kamusi akanikatiza. "Si wa kwanza, niko katikati huko, lakini nimefaulu, sirudii! Ni Mama tu, sijui kapatwa na nini. Tangu aone jina langu pale ukutani hajasema neno."

Sauti niliyoitoa sijui ilikuwa imekaa wapi miaka yote hiyo. Majirani wa pande zote mbili walitoka. Kunguru waliruka. Mkuu wa shule alifungua dirisha. Nilikuwa nimewakumbatia wote wawili katikati ya barabara, nashangilia, futi kamba inaning'inia shingoni.

Kipaza akanitazama kupitia machozi yake. Akainua kidole hewani, akakishusha taratibu.

"Punguza sauti, Baba Kamusi," akaninong'oneza. "Watoto wanatafakari."