Nilivyonunua Redio Nikiwa Nimempa Mkwe Mgongo

Kwa zaidi ya mwaka sauti ya mume wangu ilikuwa ikifika nyumbani Lufingo, nami naisikia nusu tu, tena nikiwa nje kwenye migomba. Alikuwa amekwenda Dar es Salaam baada ya kupunguzwa kazini, wakati ule watu wengi walipopunguzwa, akapata kibarua kwenye ghala la vifaa vya ujenzi. Si mtu wa kalamu yule. Barua yake ya kwanza ilikuwa na mistari mitatu, na miwili kati yake ilikuwa salamu. Kwa hiyo akaanza kutuma kaseti. Alizungumza upande mmoja, akampa dereva wa lori la ndizi, dereva akaiacha kwenye duka la barabarani, na baba mkwe akaenda kuichukua.

Redio kaseti pekee pale nyumbani ilikuwa ya baba mkwe, na ilikaa ndani kwake. Anayejua desturi zetu Wanyakyusa ameshaiona shida yangu. Mwanamke aliyeolewa hamtazami baba mkwe, haingii anamokaa, hatamki jina lake, na wakikutana njiani anaacha njia, anainama kwenye majani mpaka mzee apite. Sisi tunaita kutila. Siku hizi wasichana wanapeana mikono na wakwe zao na kucheka nao, hilo si langu kulisemea. Mimi nilitila, tena kwa bidii, maana mama yangu alinifunza kwamba asiyetila anawavunjia heshima waliomzaa.

Kaseti ikifika, watu wa nyumbani walikaa ndani wakasikiliza. Mimi nilibaki nyuma ya nyumba na mtoto mgongoni, nikijifanya nakata majani ya mgomba. Nilisikia salamu za baba, za mama, za mashemeji, habari za joto na za mbu. Halafu yalikuja maneno yaleyale kila mara: "Sasa nizungumze na mke wangu." Hapo redio ilizimwa. Aliyezima ni mama mkwe, na alizima kwa haraka, kwa sababu maneno ya mtu na mkewe hayasikilizwi na baba yake mzazi. Alifanya sawa. Mimi mwenyewe ningekufa kwa aibu. Baada ya siku chache mzee aliirudisha kaseti mwanzo, akarekodi majibu marefu juu ya maneno ya mwanawe, akamaliza kwa kusema, "Mkeo anakusalimu." Kaseti ikarudi Dar, na maneno yangu yakawa yamefutika kabla sijayasikia.

Nilikasirika sana. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba sikuwa na wa kumkasirikia, kila mtu alikuwa ametenda inavyopasa. Ningeweza kuiomba kaseti nikaipigishe kwenye duka fulani Makandana, wateja wote wakasikia mume wangu ananiambia nini. Hapana, asante. Nilikata shauri nitanunua redio yangu mwenyewe, niifungie mlango, nimsikilize mume wangu kama mke mwingine yeyote anavyomsikiliza wake. Mama mkwe nilipomwambia alifikiri kidogo, akasema, "Gwe mwana, ukipata ya kwako, kaseti nitakuletea kwanza. Mzee ataongea baadaye."

Miaka ile milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa. Vitu ambavyo zamani vilitaka kibali na kujuana na mtu, sasa vilimwagwa juu ya maturubai: pasi, redio, feni, hata televisheni ambazo huku milimani kwetu hazikushika chochote ila mvua nyeupe kwenye kioo. Vyote vilikuwa vimetumika kwa watu wengine huko ng'ambo. "Used ya Dubai!" wauzaji walipiga kelele, na sisi tulioshinda tukichuma chai tuliitikia kwa macho makubwa. Nami nilivuna ndizi na chai mpaka nikapata ya kutosha, nikaenda mnadani upande wa Mpuguso.

Muuzaji alikuwa kijana mgeni, si mtu wa kwetu, mwenye mdomo usiochoka. Alisimama juu ya kreti, kila redio aliiunganisha kwenye betri ya gari, ikaimba kidogo, akaizima, watu wakaanza kupandishiana. Nilipenda moja nyeusi yenye spika mbili. Nilipomwambia aitie kaseti nisikie, akasema, "Mama, redio inaimba, kaseti itashindwaje?" Nilikuwa nafungua mdomo kumjibu, nikaona koti la kaki la baba mkwe linakuja moja kwa moja upande wetu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mtu wa mahali pengine hawezi kulifanya. Nilijitupa nyuma ya rundo la mitumba ya nguo, nikajifunika khanga gubigubi. Mzee akasimama palepale kwenye turubai la redio, akaanza kuzitazama bila haraka, kama mtu ambaye hana pa kwenda. Bei zikawa zinapanda. Redio yangu nyeusi ilikuwa inakwenda kwa mtu mwingine. Nikanyoosha mkono juu ya rundo la nguo, nikaongeza bei. Nikanyoosha tena. Jirani yangu mmoja alinionea huruma, akaenda kulipa kwa niaba yangu na kuniletea redio imefungwa kwenye gunia. Nililipia kitu nilichokisikia kwa dakika moja, nikiwa nimepiga magoti, uso umo ndani ya suruali za watu.

Nyumbani nikaitia kaseti ya kwaya ya kanisani. Sauti ya kwanza ilitoka nzito, ya pili ikafuata ikijivuta, na kwaya nzima ikawa inaimba kama walevi wanaotoka kilabuni. Nikaizima. Niliwaza kwamba kama ingekuwa kaseti ya mume wangu, mashine hii ingeweza kuila.

Nilishuka Makandana kwa fundi redio, mzee Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani, mwenye tabia ya kumgombeza mteja kwanza ndipo aangalie kifaa. Alifungua, akacheka, akaugombeza ukoo wangu wote. Mkanda wa ndani wa kuzungusha kaseti ulikuwa umekatika, mtu akaweka kipande cha mpira wa baiskeli.

"Bibi, parafujo zimekwaruzika namna hii, hukuziona?"

"Sikuziona."

"Ulikuwa umefumba macho?"

"Karibu na hivyo," nikasema.

Aliponiuliza kwa nini na nikamweleza, aliacha kucheka. Akanifundisha pale pale, na bisibisi mkononi: nitazame parafujo kwanza, kwani zikikwaruzika mtu ameshaifungua, nifungue mahali pa betri nione kama pana kutu, niinuse kama inanukia kuungua, na zaidi ya yote niiache ipige upande mzima wa kaseti kabla sijatoa chochote, kwa kuwa mashine mbovu huficha ubovu wake ikiwa baridi. "Muuzaji akikwambia hana muda," alisema, "mwambie wewe unao." Hilo la muda nililishika kuliko yote.

Mnada uliofuata nilifika mapema na gunia langu. Kijana aliponiona alijua. "Mali ya mnada hairudi, mama. Ndiyo sheria." Nikamwambia sawa, sikuja kurudisha. Nikatandika khanga pembeni ya turubai lake, nikakaa, nikaitoa redio yangu, nikatia betri na ile kaseti ya kwaya, nikabonyeza. Walevi wakaanza kuimba.

Kila aliyekuja kutazama redio aliwasikia. "Hii nayo ni ya nani?" waliuliza. "Niliinunua hapa," nikajibu, wala sikuongeza neno. Watu wakacheka, wakasogea, wakaondoka. Kijana akapandisha muziki wake, nami nikapandisha wangu. Akanibembeleza, akaniita dada, baadaye akaniita mama mzazi. Akanitishia mgambo. Nikamwambia amlete na mgambo naye asikilize. Jua lilipofika utosini hakuwa ameuza hata redio moja, na mimi nilikuwa nimetulia kabisa, nanyonyesha.

"Haya, chagua nyingine uniondokee!" akasema.

Nikamfunga mtoto mgongoni, nikachagua taratibu. Ya kwanza parafujo zake zilikwaruzika, nikairudisha. Ya pili ilikuwa na kutu ya kijani mahali pa betri. Ya tatu ilikuwa ya kijivu, ndogo, yenye sura mbaya, spika moja. Niliigeuza, nikainusa, watu wakacheka tena. Nikaweka kaseti ya kwaya, nikasema itapiga mpaka mwisho. Kijana akashika kichwa.

Kwaya ilikuwa inaimba vizuri, kila sauti mahali pake, nikaliona tena koti la kaki.

Nasema kweli, miguu yangu ilitaka kukimbia. Ilishazoea. Lakini nilijua nikiinuka kijana ataizima, atasema nimeridhika, na nitakuwa nimenunua tena nikiwa nimejificha. Nikavuta khanga kichwani, nikageuka nikampa mzee mgongo, nikainamisha uso mpaka karibu na magoti. Nikabaki hapo hapo, macho chini, masikio kwenye redio. Nilikuwa natila na huku nanunua. Hakuna aliyenifundisha kama inaruhusiwa.

Nilichosahau ni kwamba mgongoni kulikuwa na mtoto, na mtoto alikuwa anamtazama babu yake uso kwa uso. Alimpigia kelele ya furaha. Nikasikia hatua zimesimama.

Kijana akaona nafasi yake, akanyoosha mkono azime redio.

"Mjukuu wangu," mzee akasema, akizungumza na mtoto wa kunyonya, "mwambie huyo kijana asizime. Mwambie aiache iimbe mpaka mwisho. Na babu yako atasimama hapa hapa, anatazama mlima."

Mtoto hakusema kitu, bila shaka, lakini kijana alirudisha mkono. Baadaye niliambiwa kwamba mzee aligeuka kweli, akautazama Rungwe, mikono nyuma. Kwa hiyo tulikaa hivyo, yeye kanipa mgongo na mimi nimempa mgongo, redio katikati, kwaya inaimba. Muuzaji alituangalia mmoja mmoja, akauliza waliokuwa karibu, "Hawa wamegombana?" Mwanamke mmoja akamjibu, "Wanaheshimiana. Nyamaza usikilize." Upande wa kaseti ulipoisha na kitufe kikaruka chenyewe, mzee alikohoa mara moja, akaenda zake. Nikaifunga redio kwenye gunia langu, na ile mbovu nikamwachia mwenyewe.

Siku dereva wa ndizi alipoleta kaseti nyingine, nyumba ya wakubwa ilisikiliza kama kawaida, na kama kawaida redio ikazimwa palepale. Mama mkwe akaja nayo mchana huohuo, ameificha chini ya khanga kifuani. Akanikabidhi, akatoka kukaa mlangoni kumenya ndizi, akanigeuzia mgongo ili nisione haya. Nyumba yangu ilikuwa ndogo. Hakukuwa na namna asisikie.

Sikuirudisha mwanzo. Nilibonyeza tu, iendelee pale ilipozimiwa.

"Mke wangu," mume wangu alisema, na sauti yake haikuwa ile ya salamu, ilikuwa imechoka. "Chumba bado ninacho. Tangu nilipokipata nakuuliza kila kaseti kama utakuja, wewe na mtoto, na kila kaseti inarudi na sauti ya baba. Mkeo anakusalimu, basi. Nimefikiri pengine ni haya, pengine ni hasira, sasa naona ni kukataa. Kama umekataa, si lazima uniambie. Kaseti hii nayo ikirudi na salamu tu, nitajua, na sitakuuliza tena."

Mlangoni kisu kilikuwa kimeacha kumenya. Mama mkwe aligeuka, ndizi mkononi, na uso wake sikuuona vile tena mpaka tulipomzika.

"Mwanangu," akasema, "mimi nilikuwa nazima kwa heshima. Jamani, mimi nilikuwa nazima kwa heshima."

"Najua, mama."

Nilijua, na bado nilikuwa na hasira, na hasira hiyo haikuwa na mtu wa kumpelekea. Nikaitoa kaseti, nikaigeuza upande wa pili, ule ambao mzee hakuwahi kuutumia. Mtoto alikuwa ananivuta nguo. Nikambeba. Mama mkwe akaingia ndani, akakaa chini karibu nami, akaisogeza redio mbele ya mdomo wangu.

"Ongea kwa nguvu," akasema. "Dar ni mbali."

Nikabonyeza kitufe chekundu.

"Ni mimi," nikasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza kuulizwa. Tunakuja."