Taa Chini ya Kitenge

Mnara wa baba ulisikika kabla ya kuonekana. Mabapa yake manne, aliyoyakata kutoka kwenye pipa la mafuta, yalipiga mluzi upepo ulipopanda kutoka bondeni, na nguzo za mikalitusi zililalamika chini yake kama kitanda kibovu. Ua mzima ulinuka utomvu na grisi. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, huko Butembo, msimu ule waasi walipoushika mji. Barabara ya Kasindi ilikuwa imefungwa na mafuta ya taa yamekwisha madukani. Baba alikuwa fundi wa magari katika shamba la kahawa ambalo mwenyewe, Mbelgiji, alikwisha kulikimbia. Alifungua dinamo ya lori bovu, akaifunga juu ya nguzo, akavuta waya mpaka jikoni. Betri hatukuwa nayo. Upepo ukivuma, taa ndogo ya gari, iliyoning'inia mlangoni pa jiko, iliwaka. Ukitulia, tulirudi gizani. Nilikuwa msichana wa miaka kumi, na mwanga ule ulinitosha kusoma ukurasa mmoja au miwili.

Mama aliuogopa mnara. Ulionekana tangu barabarani, na jirani yetu, mwalimu aliyeletwa kutoka Kasai, alikuwa amechukuliwa na waasi kwa sababu ya waya wa redio juu ya paa lake. Hakurudi. “Baba Masika, ushushe hii kintu,” mama alimwambia kila asubuhi, akimwita kwa jina langu, na kila asubuhi baba alijibu kwamba ataushusha kesho.

Waasi walikuja mchana, watu saba. Mkubwa wao alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya chini, amejifunga kipande cha ngozi ya mnyama kichwani. Mama alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Yule kijana aliutazama mnara kwa muda, kisha akamgeukia baba.

“Hii kintu inasemaka na nani?”

“Hapana kusema na mutu, chef. Ni ya kuwasha taa tu.”

“Basi, uwashe.”

Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa jani la mgomba. Baba alieleza hivyo, polepole, kama anayemweleza mteja. Mkubwa alivuta kigoda cha mama, akaketi na bunduki mapajani. “Tutangoya,” alisema. “Taa ikiwaka, ni taa. Isipowaka, tutajua ni ya kuita ndege za vita.”

Tukangoja. Mama aliendelea kutwanga kwa sababu hakuna aliyemwambia aache, mpaka sombe ikawa uji. Baba alisimama mikono ikining'inia, jasho likimshuka shingoni. Mimi nilijua jambo ambalo yeye hakulijua. Asubuhi ile nilikuwa nimekata kipande cha waya nyuma ya jiko, urefu wa shubiri mbili, nikajisokotea bangili ya shaba kama za wasichana wakubwa wa shule yetu. Nilikusudia kukirudisha kabla ya jioni. Kila mtu uani alikuwa anaomba upepo uje; mimi niliomba usije.

Ulikuja saa tisa. Mabapa yakaanza taratibu, yakashika kasi, mluzi ukajaa uani. Taa haikuwaka. Wale watu wakainuka, na mmoja akamshika baba kiwiko. Nikatoka mlangoni na kunyoosha mkono.

“Tata, ni mimi,” nilimwambia baba. “Waya iko hapa.”

“Mumuache,” mkubwa akasema.

Baba aliifungua ile bangili mkononi mwangu. Vidole vyake, vilivyozoea kufungua injini nzima, vilinikwaruza. Akaunyoosha waya kwa meno, akaunga. Jua lilikuwa kali mno. Hatukuweza kuona kama taa imewaka. “Hapana kuwaka,” mmoja wao alisema. Ndipo mama akaacha mchi, akavua kitenge cha mabegani, akamfunika nacho yule mkubwa pamoja na taa yetu. Niliona miguu yake tu. Akatoka akipepesa macho.

“Iko inawaka,” alisema.

Hawakumuua baba. Waliichukua dinamo, na wakaondoka naye hadi Beni kuwatengenezea malori. Alirudi kwa miguu baada ya wiki nyingi, amekonda, akaomba maji. Kuhusu waya hakuniuliza kamwe. Nguzo za mnara alizifanya boriti za jiko jipya.

Leo ninaishi Mulekera, hapa Beni, na juu ya paa langu kuna paneli mbili za jua. Majirani wote wanazo, na hakuna anayekuja kuuliza zinasema na nani. Wajukuu wangu wanasoma mpaka usingizi uwachukue, nami huwaonea wivu kidogo. Lakini milio ya risasi ikisikika upande wa Mangina, mdogo wao, ambaye bado hupanda kiti ili afikie swichi, huwa wa kwanza kuzima taa. Sikumfundisha. Aliniona tu.