Siku Niliyobeba Sipiyu Hadi Homa Bay

Kwaya ya kanisa letu la Kisabato hapa Uriri ilinipa kazi ya kutengeneza video kwa sababu moja tu: nilikuwa na kamera, na nilikuwa karibu. Nilikuwa na saiba ndogo kando ya soko, chumba kimoja cha mabati, nikichapa barua, kuskani vyeti na kutoa picha za pasipoti. Video pekee niliyokuwa nimewahi kutengeneza ni ya harusi ya binamu yangu, nayo ilikuwa fupi kwa sababu mvua ilitufukuza.

Wimbo mkuu ulihusu dhahabu inayosafishwa motoni, kwa hiyo kiongozi wa kwaya, mama mrefu anayeuza nyanya, akaamua turekodie Macalder, kwenye machimbo. Wanakwaya walisimama juu ya udongo mwekundu na magauni yao ya buluu. Wachimbaji waliokuwa wakichekecha mchanga hapo chini wakaacha kazi, wakapanda, wakajipanga nyuma na kuanza kuimba besi bila kuombwa. Mmoja alikuwa bado na karai kichwani. Nikasema huyo nitamkata kwenye video baadaye.

Shida ilianza nilipokaa kuhariri. Kompyuta yangu, iliyokuwa imechapa barua kwa miaka mingi bila malalamiko, iliganda kila nilipofika kwenye kiitikio. Kiongozi wa kwaya alipokuja kuona kazi ilivyoendelea, alikuta waimbaji wote wamesimama kwenye skrini midomo wazi.

"Mbona tumeachama hivi?" akauliza.

"Kompyuta inafikiria, Mama."

"Inafikiria nini? Wimbo tushaimba."

Nikasoma mtandaoni, nikaelewa kwamba RAM haitoshi. RAM ndiyo kumbukumbu ambayo kompyuta hufanyia kazi zake ikiwa imewaka, na yangu ilikuwa ndogo. Nikaenda Homa Bay, kwenye duka la kompyuta za mitumba la mama mmoja ambaye zamani alikuwa mwalimu wa kupiga taipu, nikanunua vipande viwili vya GB mbili mbili. Nikarudi nyumbani, nikatoa vya zamani, nikapachika vipya, nikawasha. Kompyuta ikaniandikia kwamba imewekewa GB nne, lakini inaweza kutumia tatu na kidogo tu.

Nilizima, nikawasha tena. Nikavitoa, nikavipangusa kwa shati, nikavirudisha. Tatu na kidogo. Basi nikajua nimeuziwa RAM mbovu. Asubuhi nikaifunga sipiyu, lile sanduku la kompyuta, kwa leso kama mtoto, na huyo, Homa Bay.

"Mama, RAM yako ina kasoro," nilisema kabla hata ya salamu.

"Karibu kwanza. Keti. Umekunywa chai?"

"Sitaki chai. Nilinunua nne, kompyuta inaona tatu na kidogo."

Akacheka, na kicheko chake kikazidi kunipandisha hasira. Alifungua sipiyu yangu kwa bisibisi, akatoa vile vipande viwili na kuvipachika kwenye kompyuta nyingine iliyokuwa mezani, mahali pa RAM yake. Ikawaka, ikaonyesha GB nne kamili.

"RAM haina ugonjwa, nyathina," akasema. Nyathina ni mwanangu kwa Kijaluo, na hapo ndipo hasira ilianza kuniisha. "Unalijua soko la mifugo la Ogwedhi?"

"Nalijua sana. Baba huuza ng'ombe huko."

"Haya. Tuseme kila mtu pale lazima apewe nafasi yenye namba, na namba zina mwisho. Wauza ng'ombe, yaani hizo GB nne zako, wangezijaza namba zote. Lakini mlinzi naye anataka namba. Daktari wa mifugo anataka. Choo kinataka. Hao ndio skrini, spika na mtandao, na kompyuta huwapa wao kwanza. Sasa wauza ng'ombe wa mwisho wamefika, wazima kabisa, lakini hawana namba. Mnunuzi hawezi kuwapata."

"Si namba ziongezwe?"

"Kuna kompyuta zinazokubali. Tujaribu yako."

Akarudisha kila RAM kwenye kompyuta yake, kisha akaichomekea yangu diski yenye mfumo endeshi mkubwa zaidi, ule wa biti sitini na nne wenye namba nyingi. Wakati inawaka kwa mwendo wa konokono, nikanywa chai ile niliyoikataa, na mama akanimegea ugali na samaki aina ya ngege aliyeletewa kwa chakula cha mchana. Hatimaye tukatazama pamoja. Tatu na kidogo.

Akainama ndani ya sipiyu, akasoma maandishi kwenye bodi kwa miwani yake, akatafuta kwenye simu. "Basi," akasema. "Bodi hii iliundwa hivyo. Haina njia ya kuwapa wale wa mwisho namba za juu. Hata uiwekee mfumo gani, uwezo wake unaishia hapo."

Machozi yalinilenga. Uzinduzi wa video ulikuwa Jumapili ya wiki ile ile.

"Mama, nisamehe. Nimekuja kama nakuita mwizi."

"Hukuniita. Macho yako ndiyo yaliniita." Akacheka tena. "Video iko wapi?"

"Iko kwenye diski yangu."

"Itoe, tuichomeke kwenye hii ya mezani. Hii ina RAM mpaka inamwagika."

Kiitikio kilipita bila kukwama. Waimbaji wakafunga midomo, wakaifungua, wakaifunga tena, nikapiga makofi peke yangu. Sauti ilipofika barabarani watu wakaanza kuingia. Bwana mmoja aliyekuja kununua chaja akasahau chaja. Mwanamke muuza omena, dagaa wa ziwani, akatua beseni lake mlangoni na kuimba. Mwenye duka, Mkatoliki tangu utotoni, akashika alto kama aliyekuwapo mazoezini. Nilipotaka kumkata yule mchimbaji wa karai, duka zima likapaza sauti: "Mwache!" Nikamwacha.

Jumapili kanisa lilijaa hadi madirishani. Kiongozi wa kwaya alitazama mpaka mwisho, kisha akasema tuurudie wimbo mkuu, na ukarudiwa mpaka mchungaji alipoomba nafasi ya kuongea. Kompyuta yangu niliirudisha kwenye barua na vyeti, kazi zinazoifaa, na kila kazi ya video nikawa naipeleka Homa Bay.

Mwezi uliofuata mama alinipigia simu. Kwaya ya parokia yao nayo ilitaka video. "Ila tuimbie ndani ya kanisa," akasema, "upepo wa ziwa utatuvua vitambaa vya kichwa."

Wenzake wakakataa, wakataka ufukweni. Tukarekodi ufukweni. Kitambaa chake ndicho kilichoruka cha kwanza, naye akakikimbilia majini huku akiimba alto yake bila kukosea neno.