Unga wa Mchele Mlangoni

Juzi nilipita mtaa wa Buluk nikienda kuchukua mkaa wa biashara yangu ya chai, na mguu wangu ukaruka wenyewe. Hapakuwa na shimo wala dimbwi. Nilikuwa mbele ya duka la simu lenye vigae vyeupe, na mwenye duka akacheka. "Mama, umeruka nini, nyoka?" Nikacheka naye, nikaenda zangu. Ningemwambia nini? Kwamba nimeruka unga wa mchele ulioliwa na sisimizi miaka mingi iliyopita?

Pale palikuwa na nyumba ya Wahindi, na sisi tulikaa chumba cha jirani, ukuta mmoja. Tulikuwa tumerudi kutoka Uganda na wazazi wote wawili, na kabla mwaka haujaisha tulikuwa hatuna hata mmoja. Mimi, kifungua mimba, nilikuwa na miaka kumi na minne. Niliacha shule. Nyuma yangu alikuwapo mdogo wangu wa kiume wa miaka minane, na dada yetu mdogo, ambaye alikuwa bado ananyonya kidole.

Mama wa nyumba ile alinipa kazi ya kufua na kuosha vyombo. Mchana tulikula kwake: wali, dengu zenye manjano, na mchuzi wa ukwaju uliomfanya mdogo wangu afumbe jicho moja kila alipoonja. Mume wake aliuza rangi na misumari. Kiswahili chake yule mama alikiokota Kampala, kama sisi, kwa hiyo tulielewana vizuri. Watoto wa mtaa walimwita Mama Unga.

Kila alfajiri, kabla jua halijachomoza, nilisikia fagio lake, kisha maji yakimwagwa kulaza vumbi. Nikitoka na ndoo yangu, namkuta ameinama mlangoni, bangili zikilia, unga wa mchele umebanwa kati ya kidole gumba na kidole cha pili. Kwanza aliweka nukta, safu kwa safu. Kisha alipitisha mstari mmoja kati ya nukta zile, ukizunguka hii, ukikwepa ile, mpaka urudi ulikotoka. Kila nukta ilibaki ndani, imezungukwa. Harufu ya ardhi mbichi ilipanda. Baada ya muda sisimizi walianza kuja kwa foleni.

"Unamwaga chakula," nilimwambia siku ya kwanza.

"Simwagi, mtoto. Ninalisha." Akanionyesha sisimizi kwa kidevu. "Bibi yangu alikuwa hanywi kahawa mpaka hawa wameshakula."

Bibi yake alifundishwa na bibi yake, na huyo na wake, kurudi nyuma mpaka zama za kale za watu wao. Hakuna mwanamke aliyeweka jina lake kwenye mchoro. Kila siku ulikanyagwa ukafutika, na kila alfajiri mkono ukauchora upya. Mchoro, alisema, unaambia mtaa kwamba nyumba imeamka na wote waliomo ni wazima. Akanifundisha. Nilipoharakisha alinipiga kidogo mkononi. "Polepole! Unakimbizwa na nani?"

Nilikuwa nakimbizwa, kweli. Baba mdogo alikuwa ametuma neno kutoka kijijini Kajo-Keji: mvua zikiisha atakuja kutugawa. Mvulana atakwenda naye shambani, mdogo wa mwisho atapelekwa kwa shangazi, safari ya siku mbili. Mimi ningebaki nijitafutie. Kuanzia hapo kila basi lililopiga honi lilinitoa nje kuangalia nani ameshuka. Niliwakagua wadogo zangu kucha na masikio kama askari. Mama Unga aliniona, akaniambia, "Akija, mimi nitasema naye." Neno hilo nililiwekea moyo wangu wote.

Asubuhi ambayo baba mdogo alitarajiwa kufika, nilitoka na ndoo nikakuta mlango wa jirani mtupu. Vumbi la jana lilikuwa palepale. Ndani kulikuwa kimya, kisha nikasikia mtu analia.

Nilidhani anaumwa. Nikadhani, mlango ukikaa hivi, baba mdogo ataona jirani anayenitetea hana hata nguvu ya kufagia. Kopo la unga lilikuwa dirishani. Nikafagia, nikamwaga maji, nikachora. Mstari ulirudi ulikotoka.

Mlango ukafunguliwa. Mume wake alisimama pale na macho mekundu, akatazama chini, akapaza sauti. "Nani amekuambia? Nani? Mama yake amekufa huko kwetu, wewe unatupambia mlango!"

Kitu hicho Mama Unga hakuwahi kunifundisha: nyumba yenye msiba haichorwi. Na hapo hapo, nyuma yangu, nikasikia kikohozi ninachokijua. Baba mdogo alikuwa amesimama na begi lake, akiangalia Mhindi akinigombeza.

"Basi nimefika wakati mzuri," alisema. "Waamshe wenzako, wafunge nguo."

Mama Unga akatoka, nywele wazi, bila bangili. Hakunitazama. Alichukua fagio, akafuta mchoro wangu wote. Nilijua nimemaliza kila kitu. Kisha akachukua kopo, akatembea mpaka kwenye mlango wetu, akaliweka mkononi mwangu.

"Hapa hakuna msiba leo," alisema kwa sauti iliyokauka. "Chora hapa."

Nikachora. Wadogo zangu walikuwa wameshaamka, wamenawa, wamesimama kizingitini. Baba mdogo akauliza, "Na huo unga? Mnamwaga, halafu mnakula nini?"

"Huo ni wa sisimizi, baba," mdogo wangu wa kiume akamjibu. "Wetu uko kwenye sufuria. Ukikaa utaonja."

Baba mdogo akajaribu kutocheka. Akamgeukia Mama Unga. "Huyu msichana huamka saa hizi kila siku?"

"Kila siku. Mimi nikichelewa, ananigongea ukuta."

Akakaa juu ya begi lake, akala uji wetu. Alikaa siku tatu, na kila alfajiri nilimkuta ameshatoka nje, ananisubiri nianze. Siku ya nne akapanda basi peke yake. Aliniambia tu, "Nikisikia mmelala mpaka jua limetoka, nitarudi."

Hakuwahi kurudi kutuchukua. Lakini mimi sikuacha kumsubiri. Mapigano yalipokuja, Wahindi wale waliondoka kwa haraka, na sikujua walikofikia. Niliendelea kuchora mlangoni kwetu, kisha tukahamia mtaa wa Kator, sakafu ikawa saruji, wapangaji wakapita na pikipiki, na asubuhi moja nikagundua wiki imepita bila mimi kuchora. Siku hizi nikijaribu, naweka nukta vizuri, naanza mstari, nafika kona ya tatu na mkono unasita. Haujui tena pa kupinda. Hofu ya zamani inanishika, natazama ndani kuhesabu watu, ingawa wadogo zangu wana nyumba zao sasa na hakuna wa kuwagawa.

Nilimuuliza dada yetu mdogo kama anakumbuka mchoro. Hapana. Mama Unga? Hapana. Baba mdogo na begi lake? Hata hilo hakulijua.

"Nakumbuka sisimizi," akasema. "Walikuwa wengi mno. Kwa nini walikuwa wanakuja kwetu?"