Gauni la Inchi Mia Tatu Sitini na Mbili

Tangu saa moja usiku mama hakutulia kwenye cherehani yake. Nyuma ya mlango uliofungwa, Kitinda, binti yake wa mwisho, alikuwa akisailiwa kwa kompyuta na kampuni iliyotaka mwandishi wa programu. Mkuu wao alikuwa safarini, ndiyo maana usaili ukawekwa usiku. Nafasi ilikuwa moja, na mwaka ule Kitinda alikuwa ameshakosa kazi mara mbili.

"Huo mfuko wa shati umeushona mara ngapi?" mumewe akauliza kutoka kitini.

"Mara tatu. Nafumua."

"Usijali. Mteja akilalamika, mwambie mshonaji alikuwa akisailiwa."

Mama hakucheka. Sikio lake lilikuwa mlangoni.

Chuoni Kitinda alifundishwa lugha moja kali ya kompyuta, iliyokataa kosa papo hapo, akaipenda. JavaScript, inayoendesha kurasa za mtandaoni, aliibeza. "Haina msimamo, mama. Ukiipa upuuzi, inapokea tu." Lakini alipotaka kuitengenezea karakana ya mama ukurasa wa kupokea oda, hakuwa na njia nyingine. Mteja angeandika kipimo cha kifua, nao ukurasa ungeongeza inchi mbili za nafasi ya mshono.

Mteja wa kwanza, mwalimu wa chekechea, aliandika thelathini na sita. Mama alisoma oda, akavua miwani, akaisoma tena.

"Kitinda, njoo unishikie tepu. Inchi mia tatu sitini na mbili. Huyu mwalimu tunamshonea gauni au tunampangisha ndani?"

Binti aliangalia, akasonya. "Unaona sasa? Nimeiambia ijumlishe, yenyewe imebandika mbili ubavuni mwa thelathini na sita. Imedhani ni maandishi."

"Uliiambia kuwa ni namba?"

"Si inajionea?"

Mama alikuwa na kitambaa cha hariri mezani. "Na hii huteleza. Siitukani. Napiga bandi kwanza." Akakishikiza kwa mishono mirefu ya mkono, iliyolegea, ndipo akakipeleka kwenye cherehani. Kitinda alisimama pale akitazama mpaka mshono wa mwisho.

Wiki ile alianza kukagua kila kipimo na kukigeuza namba kabla ya kukijumlisha. Kadiri alivyokaa na lugha ile, ndivyo alivyoanza kuisifia. Ukurasa ulifunguka kwenye simu ya kila mteja, hata ya jirani yao yenye kioo kilichopasuka, bila kumlazimu mtu kuweka programu yoyote mpya.

"Hii lugha haimwachi mtu nje," alisema siku moja.

Mama alijifanya anatunga uzi sindanoni. Jioni alimsimulia mumewe maneno hayo mara mbili.

Sasa, usiku huu wa usaili, sauti ya mwanamume wa kampuni ikapenya mlangoni: "Wengi wanailalamikia JavaScript. Wewe kwa nini unaitumia?"

Mama akainuka, sindano mkononi.

"Mama yangu ni mshonaji," Kitinda akaanza. Akaeleza yote: mwalimu, tepu, gauni la kupangisha. "Nilikuwa naisingizia lugha kosa langu. Siku hizi napiga bandi kwanza."

Kicheko kikapasuka huko ndani.

"Wanamcheka?" mama akanong'ona.

"Wanacheka naye. Kaa chini, mama watoto."

Hakukaa. Alisimama pale kifua kimemjaa, kwa kuwa watu waliosoma walikuwa wakisikiliza kazi ya mikono yake ikielezwa na mwanawe bila kuona haya. Waliongea muda mrefu, kwa sauti za chini asizozinasa. Kisha kiti kikaburuzwa. Mama akarudi mbiombio mahali pake, akaushika ule mfuko kama mtu ambaye hakuwahi kuinuka.

Mlango ukafunguka. Kitinda alikuwa na tepu ya mama shingoni.

"Mama, mkuu anauliza kama unashona makoti ya kiume."

"Na kazi?"

"Naanza Jumatatu."

Mama alikata uzi kwa meno, taratibu.

"Basi mwambie bosi wako aandike vipimo kwenye ukurasa wetu. Hesabu zake siku hizi ziko sawa."